Kisogo Chako Hakina Kesi na Kinyozi

Kila mwisho wa mwezi, vijana wa Mbololo wakishateremka Voi kunyolewa, swali ni lile lile: "Daktari, kinyozi ameniambukiza vipele. Nipake nini?" Kabla sijafungua mdomo, mwenyewe ameshanitajia tiba aliyojianzishia: spiriti asubuhi, spiriti jioni, na kinyozi mpya.

Nijibu kwa maandishi basi, mkaonyeshane. Vipele hivyo vya kisogoni na chini ya taya, kwa wengi wenu, si maambukizi. Kadi ya hospitali ikiandikwa folikulitisi, maana yake ni kwamba vishimo zinamoota nywele vimevimba. Kilichovivimbisha hakijatajwa hapo. Huenda ni bakteria, huenda ni fangasi, huenda ni helmeti ya bodaboda inayosugua shingo kutwa. Na kwa wanaume wenye nywele kama zetu, mara nyingi mno mkosaji ni unywele wenyewe.

Tuipime dhana ya mashine chafu. Mashine hiyo hiyo ilipita utosini, ikapita pembeni, ikashuka kisogoni. Mbona utosi ni laini na kisogo kimechafuka? Bakteria hawachagui mtaa. Mbona anayejinyoa nyumbani kwa wembe mpya, asiyemwazima mtu, mara nyingi ndiye anayeumia zaidi? Huyo kaambukizwa na nani? Na mbona aliyeacha ndevu zikakua mwezi mzima huona vipele vinanywea bila kupaka chochote? Jeshi la Marekani kwa miongo kadhaa liliwapa askari ruhusa ya kutonyoa ndevu kwa tatizo hili hili, wengi wao wakiwa weusi. Hakuna aliyewaambia wabadilishe kinyozi.

Kinachotokea ni hiki. Unywele wa kipilipili huota kutoka kwenye kishimo kilichopinda. Ukinyolewa hadi kwenye ngozi, hasa ngozi ikiwa imevutwa, hukatwa mshazari na kubaki na ncha kali. Ngozi ikiachiliwa, ncha huzama. Ikianza kukua hutoboa ukuta wa kishimo, au hutoka nje, ikajikunja na kuingia tena pembeni. Mwili huupokea unywele huo kama mwiba: panavimba, panawasha, pengine panatunga usaha usio na bakteria hata mmoja.

Haya, mwagia spiriti. Itaua vijidudu vilivyo juu ya ngozi, lakini haitauchomoa unywele uliozama. Itaikausha na kuiunguza ngozi ambayo tayari imekwaruzwa, na kukuachia madoa meusi ya miezi. "Lakini ukiipaka unasikia inafanya kazi." Unachosikia ni ngozi ikiungua.

Ndugu yake ni ile krimu yenye dawa tatu katika tyubu moja. Steroidi iliyomo hutuliza uvimbe siku mbili tatu, ndiyo maana mnaisifu. Ukiizoea, ngozi hukonda, fangasi hunawiri, na vipele hurudi na jamaa zao.

Simtetei kinyozi mchafu. Mashine isiyosafishwa hueneza mapunye, na wembe wenye damu unaweza kupitisha homa ya ini aina ya B. Asafishe kwa ajili ya hayo. Vipele vyako vitarudi vivyo hivyo akiendelea kukunyoa mpaka ngozi ing'ae.

La kufanya, haraka haraka. Acha kunyoa wiki nne au zaidi. Ukirudi, mashine ibakishe milimita moja hivi. Ikibidi wembe, tumia maji ya uvuguvugu kwanza, fuata nywele zinakolalia, usivute ngozi, usirudie pale pale. Usikamue. Kola ngumu, legeza. Jeli ya benzoili peroksaidi husaidia, na daktari anaweza kukuandikia adapaleni ya kupaka usiku.

Uende hospitali ukipata jipu lenye maumivu na homa: hapo ni bakteria kweli, hasa stafilokokasi, na antibiotiki ina kazi. Majipu yakirudi-rudi, pima sukari. Vipele vikiwasha mno usoni na kifuani na havikwishi, pima virusi vya UKIMWI. Vya kisogoni vikianza kugeuka makovu magumu, wahi, maana kovu likikomaa tunazungumzia sindano au upasuaji. Hospitali ya Rufaa ya Moi iko pale pale Voi. Na mlio Taveta, mkivuka mpaka pale Holili hadi Moshi, kuna kituo cha magonjwa ya ngozi katika hospitali ya KCMC, kilichofunguliwa 1992, ambacho hufundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika.

Mkija, wekeni kwenye mfuko kila tyubu na chupa mliyokwisha kupaka. Mara nyingi nusu ya ugonjwa ninaoutibu imo humo.