Kapasita ya pangaboi: Kifaa kidogo kinachoweza kuunguza nyumba kikifungwa vibaya

KASKAZI inapoanza kuvuma na joto kupanda katika mwambao wa Mtwara, kutoka Mikindani hadi Msimbati karibu na mlango wa Mto Ruvuma, pangaboi huacha kuwa pambo la sebule. Huo pia ndio wakati ambao mafundi husikia malalamiko yaleyale: pangaboi linazunguka kwa uvivu, au linanguruma tu bila kuzunguka mpaka lisukumwe kwa mpini wa ufagio.

Mara nyingi mota yenyewe huwa nzima. Kilichochoka ni kapasita, kiboksi cheusi kisichozidi ukubwa wa kiberiti. Mota ya umeme wa fezi moja haiwezi kuanza kuzunguka yenyewe. Kapasita huutanguliza umeme wa koili ya pili mbele kidogo ya ule wa koili ya kwanza, na tofauti hiyo ya wakati ndiyo inayozaa mzunguko. Dada yake mkubwa, yenye umbo la kopo la alumini, hufanya kazi hiyohiyo katika viyoyozi na pampu za maji.

Ndani yake mna tando mbili za plastiki iitwayo polipropilini, kila moja ikiwa na unene wa maikroni chache tu, wakati unywele wa binadamu hukaribia maikroni 70. Kiwandani, utando hupitishwa katika chumba kilichoondolewa hewa, ambamo alumini au zinki, au mchanganyiko wa hizo mbili, huchemshwa hadi kuwa mvuke unaoganda juu ya plastiki. Ukingo mmoja wa kila utando huachwa mtupu. Tando hizo hulazwa pamoja, ukingo mtupu wa mmoja ukiwa kushoto na wa mwingine kulia, kisha huviringishwa kama mkeka. Ncha mbili za mviringo huo hupuliziwa zinki iliyoyeyushwa, na hapo ndipo nyaya huungwa.

Wembamba wa metali hiyo ni wa makusudi. Umeme ukitoboa plastiki mahali palipo dhaifu, cheche huvukiza metali iliyozunguka tundu hilo kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Tundu hubaki limetengwa, na kapasita huendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Imejitibu. Hata hivyo, kila tiba hupunguza eneo la metali. Kapasita iliyoandikwa maikrofaradi 2.5 hushuka taratibu, na pangaboi hushuka nayo.

Mwambao huharakisha uchakavu huo. Mafundi wengi hufuata kanuni ya kukadiria kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza umri wa kapasita kwa takriban nusu. Unyevu ukipenya hula tabaka la zinki, na hewa ya chumvi hushambulia vituo vya nyaya kwa nje. Ndiyo maana kwenye lebo huandikwa tarakimu kama 25/70/21: kifaa kimepimwa kwa baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri, joto la nyuzi 70, na siku 21 za joto lenye unyevunyevu. Kwa kiyoyozi kinachochomwa na jua ukutani, ile yenye 85 mahali pa 70 inafaa zaidi.

Hatari hujitokeza pale kujitibu kunaposhindikana. Plastiki huyeyuka, gesi hujaa ndani, na kinachofuata hutegemea aina iliyonunuliwa na namna ilivyofungwa. Katika matoleo ya awali ya kanuni za kimataifa za IEC 60252-1, alama P0 ilimaanisha kwamba hakuna kinga maalumu dhidi ya hitilafu hiyo, na viboksi vingi vya pangaboi ni vya kundi hilo. Mahali pake ni ndani ya kikombe cha chuma cha pangaboi. Hakistahili kuning'inizwa juu ya silingi bodi, wala kuachwa kando ya makuti na boriti kavu.

Kopo lenye alama P2 limebuniwa life kwa usalama. Gesi ikijaa, kifuniko hunyanyuka na kuzikata nyaya za ndani, umeme ukakoma. Kinga hiyo inahitaji nafasi. Juu ya vituo vya nyaya paachwe wazi angalau milimita 15, nyaya za nje ziwe laini na zenye ulegevu, na kibano cha kushikilia kisikandamize mfereji ulio karibu na kifuniko, kwa kuwa ndio unaotanuka. Fundi anayelibana kopo chini ya bati, au kulifunga kwa waya mgumu uliokakamaa, ameiondoa kinga ambayo mwenye nyumba ameilipia. Kopo la alumini lenye bolti kitakoni liunganishwe na waya wa ardhi, na liwekwe mbali na bomba la moto la kompresa.

Wakati wa kubadilisha, maikrofaradi zibaki zilezile. Volti zisipungue. Wapo wanaoshangaa kwa nini umeme wa volti 230 udai kapasita ya volti 400 au 450. Sababu ni kwamba koili na kapasita zikifuatana, volti zinazoikuta kapasita huzidi zile za kwenye soketi. Kapasita ya kuwashia mota, ambayo ni ya aina nyingine kabisa, isiwekwe mahali pa ile ya kudumu. Haikuundwa kubeba umeme mfululizo, na hupasuka.

Kapasita huweza kushika umeme hata baada ya swichi kuzimwa. Ile ya maikrofaradi 50 inaweza kumtupa mtu kutoka kwenye ngazi. Desturi ya kuunganisha vituo vyake kwa bisibisi hutoa cheche na hudhoofisha maungio ya zinki ndani. Rezista ya kiloohmu 20 yenye vishikio vilivyohamiwa huumaliza umeme huo kwa sekunde tano hivi, kisha mita ithibitishe kwamba umekwisha.

Kopo lililovimba kifuniko halirudishwi kazini, hata kama mita bado inasoma tarakimu nzuri.