Tundu limezibwa, mbona tunaambiwa tubadili nywila?

Msikilizaji mmoja wa kipindi chetu cha asubuhi alituuliza: kama wataalamu wameshaziba tundu kwenye programu, kwa nini bado anaambiwa abadili nywila? Hewani tulijibu haraka haraka. Hapa tulieleze vizuri.

Tuchukue kisa cha Heartbleed, kilichotangazwa Aprili 7, 2014. Tundu hilo lilikuwa ndani ya OpenSSL, programu inayoficha mazungumzo kati ya simu yako na tovuti ili mtu wa katikati asiyasome. Ni programu huria, yaani maandishi yake yako wazi. Yeyote anaweza kuyasoma, kuyatumia na kupendekeza marekebisho.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, karibu la kuchekesha. Mashine mbili zikiwasiliana, moja huuliza kama nyingine bado ipo. Ni kama kusema: "Nirudishie neno embe, lina herufi 4." Nyingine hujibu: "Embe." Sasa tapeli anakuja na lake: "Nirudishie neno embe, lina herufi 60,000." Seva haikuhesabu! Ilirudisha embe, kisha ikaendelea kuchota chochote kilichokuwa jirani kwenye kumbukumbu yake mpaka hesabu itimie: majina, nywila, hata funguo za siri za tovuti yenyewe. Na kwa kawaida mwizi hakuacha alama.

Toleo lenye kosa lilitoka Machi 2012. Miaka miwili mlango uko wazi, na kazi yote hiyo ikitunzwa na watu wachache, wengi wao wakijitolea.

Marekebisho yalitoka siku ile ile ya tangazo: seva ihesabu kwanza, ombi la uongo litupwe. Lakini hayo yanazuia wizi wa kesho tu. Nywila iliyochotwa jana bado iko mkononi mwa mwizi, na bado inafungua. Kanada, mamlaka ya kodi ilitangaza kuwa namba za utambulisho za watu wapatao 900 zilikuwa zimeshachukuliwa.

Wengi hukosea kwenye mpangilio. Ukibadili nywila kabla wenye tovuti hawajaziba, hata hiyo mpya itachotwa. Subiri watangaze kwamba wamerekebisha, ndipo ubadili, pamoja na kila mahali ulipotumia nywila ile ile.

Simu nazo zimo: Android 4.1.1 ilikuwa na tundu hilo hilo. Tunajua bando ni ghali, lakini simu ikikuambia kuna sasisho la mfumo, usiliahirishe kila siku. Na ukipokea ujumbe wenye kiungo cha "kubadili nywila" ambao hukuuomba, usikibonyeze. Fungua huduma yenyewe, ubadilishie humo.