Usiache mbachao kwa tarakilishi mpya

Ukishuka matatu katika barabara ya Outering na kuingia Kariobangi Light Industries, kitakachokulaki kwanza ni kelele za nyundo. Huyu anakunja bati, yule anaunga vyuma, na mwingine yuko chini ya gari. Lakini katika mitaa hiyo ya Kariobangi kuna mafundi wengine wasiopiga kelele. Wao huketi vibandani mbele ya skrini wakibuni kadi za harusi, ratiba za mazishi, mabango ya maduka na stika za matatu.

Tuseme, msomaji, kwamba wewe ni mmoja wao. Programu unayoitumia ni ya miaka ya tisini, uliyoachiwa na aliyekufundisha kazi, na umeizoea hata gizani ungeitumia. Tarakilishi yako ina Windows XP. Asubuhi moja inakataa kuwaka. Unakopa kwenye chama, unanunua nyingine yenye Windows 11 na kuiingiza ile programu yako. Mashine inakujibu kwamba haiwezi kuiendesha. Mlangoni amesimama mteja aliyefiwa na mamake. "Fundi, mazishi ni kesho," anakwambia, "na picha ya mama iko kwako."

Utafanyaje?

Kwa nini zinagombana

Mfumo endeshi kama Windows ni mfano wa mwenye nyumba, na programu ni mpangaji. Mwenye nyumba akibadilika, masharti nayo hubadilika. Programu nyingi za mwanzoni mwa miaka ya tisini, kama CorelDRAW 5 ya mwaka wa 1994, ziliandikwa kwa biti 16. Windows 95, iliyotoka Agosti 1995, ilileta programu za biti 32 lakini haikuzifukuza za zamani. Windows za biti 64 zilizofuata hazizipokei kabisa za biti 16, na Windows 11, iliyotoka mwaka wa 2021, ni ya biti 64 pekee.

Kuna kioja kingine. Pengine programu yenyewe ni ya biti 32 na ingeweza kufanya kazi, ila kile kijiprogramu cha kuiingiza ndicho cha biti 16. Chumba kipo, lakini mlango umefungwa.

Usimcheke fundi anayeshikilia programu kuukuu ukidhani ni mkaidi. PageMaker, iliyotolewa na kampuni ya Aldus mwaka wa 1985 na kununuliwa na Adobe mwaka wa 1994, ilifikia toleo lake la mwisho, 7.0, mwaka wa 2001. Adobe ilikuwa tayari imeleta InDesign mwaka wa 1999. Tangu mwaka wa 2013, programu mpya za usanifu za Adobe hukodishwa kwa ada badala ya kuuzwa mara moja. Kwa mtu anayengoja harusi za Desemba ndipo apate pesa, ada ya kila mwezi ni kodi ya nyumba ya pili.

Njia za kujaribu

Kwanza, usikate tamaa kuhusu mashine iliyokufa. Tarakilishi kuzimika si lazima diski yake iwe imeharibika. Mwite fundi aichomoe na kuiunganisha na mashine mpya kwa waya wa USB. Mara nyingi kazi zako utazikuta humo zikiwa salama.

Pili, ikiwa programu ni ya biti 32, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama yake, chagua Properties, kisha Compatibility, halafu iambie Windows ijifanye ya zamani. Wakati mwingine hilo hutosha.

Tatu, kuna programu kama VirtualBox, isiyouzwa, ambayo huunda tarakilishi ndani ya tarakilishi. Humo unaweza kuweka Windows kuukuu ya biti 32, mradi uwe na nakala halali, na ndani yake programu yako. Usiiunganishe na intaneti. Microsoft iliacha kuilinda Windows XP tarehe 8 Aprili 2014.

Nne, ikiwa unahitaji kazi zako kuliko programu, zifungulie kwingine. LibreOffice Draw, ambayo pia ni ya bure, inaweza kufungua faili nyingi za CorelDRAW na hata za PageMaker. Huenda maneno yakasogea au herufi zikabadilika, kwa hivyo kagua kila jina kabla ya kuchapisha. Familia iliyofiwa haitakusamehe ukikosea jina la marehemu.

Epuka diski za magendo zinazodaiwa kutibu kila kitu. Nyingi hubeba virusi, na kunakili programu bila ruhusa ni kinyume cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001.

Mali iko wapi?

Hapa ndipo wengi hupotea. Tunalilia programu, ilhali mali ni kazi zilizofanywa kwayo: nembo ya kanisa, kadi ya shule, picha ya mama wa watu. Basi kabla mashine kuukuu haijazima, fanya haya. Kila kazi iweke pia kama PDF, inayofunguka karibu kila mahali. Hifadhi na herufi ulizozitumia. Weka nakala mbili, moja kibandani na nyingine nyumbani, kwani mwizi na moto havibishi hodi. Kabla ya kulipia tarakilishi mpya, uliza pia kama printa na mashine yako ya kukata stika zitaelewana nayo. Na ukiinunua, usiuze ya zamani hadi mpya imalize kazi moja kamili, tangu mchoro hadi karatasi mkononi mwa mteja.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wako si lazima uukalie milele. Lakini kabla ya kuutupa, hakikisha umeondoa vilivyo vyako juu yake.

Yule mteja angali mlangoni. Ikiwa picha ya mamake uliihifadhi mahali pawili, mkaribishe aketi.