Mtaa Wenu Uko Giza na Post ya Polisi Haina Hata Mlango? Hivi Ndivyo Mnaitisha Doh ya Serikali

Kila mtaa uko na ile kona. Giza ikiingia, simu inazama mfukoni, unaongeza mwendo, na ukisikia nduthi nyuma yako roho inaruka. Kesho yake story ni ile ile kwa base: msee mwingine amenyang'anywa simu, dem mwingine amefukuzwa hadi kwa geti. Watu wanalalamika, wanaachana na hiyo maneno, wanangoja mheshimiwa aje na ahadi za kampeni.

Ukweli ni kwamba doh ya kufanya mtaa uwe salama iko, na mwananchi ana haki ya kuiitisha. Vile mbogi nyingi huanguka ni kwamba zinabisha mlango usio wao, ama zinafika kama bajeti ishapita.

Mifuko ni miwili, usichanganye

Katiba ya 2010 iligawa kazi. Polisi ni kazi ya serikali kuu. Taa za barabarani ni za kaunti. Kwa hivyo ukimwandikia mbunge ukitaka mulika mwizi, ama MCA ukitaka post ya polisi, utazungushwa mpaka uchoke.

Kwa upande wa serikali kuu kuna NG-CDF. Hii ndiyo ile doh inagawiwa maeneobunge yote 290, na sheria yake ya 2015 inasema isipungue asilimia 2.5 ya mgao wa serikali kuu. Inaweza kujenga post ya polisi, ofisi ya chifu, ukuta, choo ama nyumba za makarao. Haiwezi kutumika kwa siasa wala dini.

Kwa kaunti unaitisha taa za mtaa, gari la zima moto na barabara za ndani. Hata leseni za baa ziko kwao, so kama kuna kilabu inaletea mtaa noma, lalamiko linaenda huko. Lakini kama kona yenu hatari iko kwa highway kubwa, hiyo ni ya KeNHA. Barua ipelekeni kwao.

Kitu moja ya kujua: mwaka wa 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria ya NG-CDF inaenda kinyume na Katiba na ikaipa mwisho wa Juni 30, 2026. Kesi ikapelekwa rufaa. Kabla ya kuandika chochote, pitia ofisi ya NG-CDF ya eneobunge lenu muulize msimamizi wa hazina wanapokea maombi ya aina gani.

Kalenda haingoji mtu

Mwaka wa pesa za serikali unaanza Julai 1. Lakini kufikia Septemba 1, kaunti inafaa iwe imepeleka kwa bunge lake mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Maanake taa unayotaka mwaka ujao, barua yake inafaa kuwa mezani Julai ama Agosti mwaka huu. Nafasi ya pili ni baada ya Aprili 30, wakati makadirio ya bajeti yako kwa bunge la kaunti na kamati ya bajeti lazima isikize maoni ya wananchi. Ukikuja Juni mwishoni, umekuja kuosha vyombo.

Kwa NG-CDF, sheria inataka kuwe na mikutano ya wazi kila wadi ndani ya mwaka wa kwanza wa Bunge jipya, halafu angalau mara moja kila miaka miwili. Tena kamati yenyewe lazima iwe na kijana mwanaume na kijana mwanamke. Hao ni watu wenu. Watafuteni.

Ombi liwe na nguvu

Msee mmoja akiandika, ni lalamiko. Mtaa ukiandika pamoja, ni ombi la mradi. Kama mnataka kusajili grupu, sheria ya 2022 inataka watu wasiopungua kumi, na usajili ni kwa ofisi ya maendeleo ya jamii. Kisha pangeni hivi:

1. Ripotini kila kisa polisi mpewe namba ya OB. Ni bure. OB kumi za kona moja zinaongea kuliko kelele za mwaka mzima.

2. Kaeni kikao, muandike kumbukumbu, watu waweke sahihi. Itaneni na chifu na wasee wa Nyumba Kumi.

3. Semeni kitu kamili. "Tunaomba usalama" haijengi chochote. "Tunaomba taa sita kutoka steji hadi geti ya shule ya msingi" inaweza kupigiwa hesabu.

4. Kama ni jengo, onyesheni ploti ni ya umma na ina karatasi.

5. Pelekeni nakala mbili. Moja ibaki huko, yenu igongwe muhuri na tarehe.

Kwa post ya polisi kuna mtego. NG-CDF inajenga nyumba, haileti makarao. Kupeleka maafisa ni kazi ya Huduma ya Polisi. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa serikali zimetaja mara nyingi majengo ya NG-CDF yaliyokamilika na hayatumiki. Kwa hivyo ongeeni na OCS kwanza, mpate barua kwamba post ikiisha italetewa watu.

Doh ikishatoka, kazi ndiyo inaanza

Mradi wa NG-CDF huwa na kamati yake ya usimamizi, inayotoka kwa wananchi. Ingieni hapo. Ulizeni kandarasi ni ya nani na ni ya pesa ngapi. Asilimia 30 ya tenda za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wanaoishi na ulemavu, so kama mna kampuni imesajiliwa, hata mjengo wenyewe mnaweza kuuomba.

Wakikataa kuwaonyesha hesabu, tumieni sheria ya 2016 ya kupata habari. Unaandika ombi, hata kwa Kiswahili, na ofisi inafaa kujibu ndani ya siku 21. Wakinyamaza, mnapeleka kesi kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Na taa zikiwaka, msilale. Balbu huungua, stima hukatwa, waya huibiwa. Chagueni mtu wa kuzihesabu kila mwezi na kuripoti iliyokufa, kwa sababu wezi wanaijua kona yenye giza kabla ya kaunti.