Istilahi za Taaluma za Kibudha katika Kiswahili

Makala haya yanakusudia kueleza tatizo la istilahi linalomkabili mtaalamu atakayetaka kuzieleza kwa Kiswahili mada zinazojadiliwa katika mikutano ya kimataifa ya taaluma za Kibudha. Chama cha Kimataifa cha taaluma hizo kiliundwa mwaka 1976 huko Madison, Marekani. Mkutano wake wa kwanza ulifanyika New York mwaka 1978, na ule wa 20 ulifanyika Leipzig, Ujerumani, mwaka 2025. Mikutano hiyo imefanyika Asia, Ulaya na Amerika. Hata hivyo, Ubudha si mgeni kabisa Afrika Mashariki: Dar es Salaam kuna hekalu lililoanzishwa na Wasinhala mwanzoni mwa karne ya 20, na Uganda kuna kituo cha Wabudha tangu mwaka 2005.

Tatizo lenyewe ni kwamba msamiati wa dini katika Kiswahili umekulia msikitini na kanisani. Mwanafunzi wa Nyamianda, mjini Uvira, akisoma kwamba nirvana ni "pepo", ataelewa mahali pa thawabu kwa waja wa Mungu. Lakini asili ya neno hilo ni kuzimika, kama moto uzimikavyo. Na kinachozimika ni tamaa, chuki na ujinga. Vivyo hivyo, karma ikifasiriwa "majaaliwa", maana hupinduka. Majaaliwa hutoka kwa Mungu, ilhali karma ni tendo, na katika mafundisho ya Budha ni tendo lenye kusudi.

Wachina nao walikabiliwa na tatizo hili. Baadhi ya wafasiri wao wa mwanzo waliita nirvana "wuwei", neno la wafuasi wa Dao. Baadaye likaenea neno "niepan", lililotoholewa kutoka lugha za Kihindi.

Hivyo basi, tunapendekeza njia mbili. Palipo na neno la Kiswahili linalobeba maana kamili, litumike: karma iitwe "tendo la kusudi". Pasipo na neno kama hilo, tutohoe na kufafanua, kama ilivyo kwa nirvana. Mwanafunzi atakayejibu mtihani kwa "pepo" na "majaaliwa" atakuwa ameeleza imani ya jirani zake, wala si ya Wabudha.