Rekodi za Ndege Mbuai na Walioziandika

Kila rekodi ya tai, kozi au tumbusi tunayoisoma leo ipo kwa sababu kuna mtu aliyeinua macho, akatambua alichokiona, akakiandika pamoja na tarehe na mahali. Wengi wao hawakuwa wanasayansi.

Hesabu kongwe kuliko zote ya ndege mbuai wanaohama inafanyika Hawk Mountain, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Zamani wawindaji walipanda mlima huo kila msimu wa vuli kuwapiga risasi ndege mbuai waliokuwa wakihamia kusini. Mwaka 1934 mama mmoja, Rosalie Edge, aliukodi mlima wenyewe na kumweka Maurice Broun kuulinda. Broun alizizuia bunduki na, akiwa huko juu, akaanza kuhesabu. Hesabu hiyo ilikatika alipokwenda kwenye Vita Kuu ya Pili, ikarejea, na inaendelea hadi leo.

Mimi naivulia kofia si kwa umri wake bali kwa kilichomo daftarini. Waliohesabu hawakuandika "tai" wakaishia hapo. Waliandika pia kama ni mkubwa au bado mchanga. Kati ya 1935 na 1939, katika kila tai 10 wa kichwa cheupe waliopita, 4 walikuwa wachanga. Kati ya 1955 na 1959 wakabaki 2. Mwaka 1957 alionekana mchanga mmoja tu kwa kila wakubwa 32. Wakubwa walikuwa bado wanapita angani, hivyo asiye na daftari angedhani mambo ni shwari. Kumbe viotani makinda yalikuwa yakipungua. Mwandishi Rachel Carson alizitumia takwimu hizo katika kitabu chake cha 1962 kuhusu sumu za kuulia wadudu, na mojawapo ya sumu hizo, DDT, ikapigwa marufuku Marekani mwaka 1972.

Kwa wingi, hakuna panapoifikia Veracruz, Meksiko. Ndege hawa wakubwa hupaa kwa hewa moto inayoinuka kutoka ardhini, na juu ya bahari hewa hiyo ni haba. Kwa hiyo hujibana kwenye ukanda mwembamba kati ya milima na Ghuba ya Meksiko, na katika vuli moja hupita zaidi ya milioni 4. Kituo kimojawapo kiko juu ya paa la hoteli katika mji wa Cardel. Mhesabuji hushika kihesabio cha mkononi na kukibonyeza huku mto wa ndege ukipita juu ya kichwa chake, akijumlisha kwa makumi, wakati mwingine kwa mamia.

Aliyeruka juu kuliko wote ni ndege wa kwetu Afrika, tumbusi wa Rüppell. Tarehe 29 Novemba 1973, karibu na Abidjan, Kodivaa, mmoja aligongana na ndege ya abiria ikiwa mita 11,300 juu. Injini moja ilizimwa, lakini ndege ilitua salama. Mabaki ya manyoya yalipelekwa Marekani, ambako mtaalamu Roxie Laybourne alimtambua tumbusi kwa manyoya hayo. Bila yale manyoya machache, habari hii ingebaki kuwa hadithi ya marubani.

Safari ndefu ya baharini ni ya kozi wa Amur, ndege wa gramu 150 hivi. Huzaliana Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China, hupumzika kaskazini-mashariki mwa India, kisha huvuka Bahari ya Hindi zaidi ya kilomita 3,000 bila kutua hadi pwani ya Somalia. Mwaka 2012 watu waliofika Nagaland, India, waliandika na kupiga picha za maelfu kwa maelfu ya kozi hawa wakinaswa kwa nyavu ili wauzwe. Picha zilisambaa, wanakijiji wakakaa na viongozi wao, na mwaka uliofuata nyavu hazikutegwa. Kozi haohao hufika Kenya Novemba na Desemba pamoja na mvua, wakila kumbikumbi.

Rekodi inayoniuma ni ya Kenya. Watafiti walirudia hesabu za barabarani zilizofanywa miaka ya 1970, na mwaka 2022 wakachapisha matokeo: kati ya aina 22 za ndege zilizolinganishwa, 19 zimepungua. Tumbusi wanakufa kwa mizoga iliyotiwa sumu ya kuwaua simba na fisi, wengine kwa nyaya za umeme. Tusingejua ukubwa wa hasara hii kama asingekuwapo aliyehesabu wakati tai walipokuwa tele.

Sasa mradi wa kuhesabu ndege wa Kenya Bird Map unamkaribisha kila mtu. Nchi imegawanywa katika miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9. Unachagua mmoja, unatembea angalau saa mbili, unaandika kila aina unayoitambua kwa mpangilio wa kuonekana kwake. Mwewe wa jalalani naye aandikwe, si tai wa porini tu. Usiyemtambua, muache. Miraba ya jirani na Nairobi ina orodha nyingi. Kaskazini, kuelekea Turkana na Mandera, mingi ina uhaba wa taarifa. Wewe unayeishi huko, orodha yako ya asubuhi moja yaweza kuwa ya kwanza kabisa kwa mraba wenu.