Fahamu: UTI inapoingia kwenye damu

Oktoba 2021 Bill Clinton, rais wa zamani wa Marekani, alilazwa California: maambukizi ya njia ya mkojo (UTI) yalikuwa yamefika kwenye damu. Alipewa antibayotiki za mshipa, akatoka siku chache baadaye akitembea.

Bibi mzee mwenye maambukizi kama hayo huenda asilalamikie mkojo kabisa. Anatetemeka, anahema haraka, anawaita wajukuu kwa majina ya marehemu. Huo si uzee jamani, mkimbizeni hospitali usiku huohuo.

Huko damu na mkojo huchukuliwa kuoteshwa vijidudu, na hali ikiwa mbaya dawa ya mshipa huanza ndani ya saa 1, pamoja na dripu. Jiwe au tezi dume ikiziba njia, dawa pekee haitoshi: mkojo uliokwama lazima utolewe, kwa mpira au upasuaji mdogo.